Figo bila daftari ni biashara, si tiba

Mnamo Aprili 2025 Waziri wa Afya, Bw Aden Duale, alisimamisha huduma za kupandikiza figo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret na kuunda kamati ya wataalamu ichunguze mwenendo wake. Hatua hiyo ilifuatia ripoti za vyombo vya habari vya Ujerumani zilizodai kwamba vijana wa Kenya walilipwa fedha ili watoe figo zao, na kwamba baadhi ya waliozipokea walikuwa wageni kutoka ng'ambo. Hospitali hiyo ilikanusha madai hayo. Tangu wakati huo, mjadala wetu umekuwa wa fedha: nani alilipa, nani alilipwa, na nani alikuwa dalali kati yao.

Hayo ni maswali ya haki na hayana budi kujibiwa. Hata hivyo, nionavyo mimi, lipo swali jingine zito ambalo ni wachache waliolitamka. Tuseme kijana alitoa figo moja mwaka wa 2020. Je, ni nani aliyempima mkojo na shinikizo la damu mwaka uliofuata, na mwaka baada ya huo? Jina lake limeandikwa wapi, na ni nani mwenye wajibu wa kumtafuta asipofika kliniki? Ikiwa hakuna awezaye kujibu, basi tulichokuwa nacho hakikuwa tiba hata kama kila shilingi ilipokewa kwa halali na kila fomu ilitiwa sahihi.

Wengi hudhani kwamba upandikizaji ni kazi ya kisu, na kwamba humalizika mgonjwa anaposhonwa. Sivyo. Tiba hii ilizaliwa na utafiti, na huishi kwa utafiti. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu kwa muda mrefu ulifanywa tarehe 23 Desemba 1954 katika jiji la Boston, Marekani, pale Dkt Joseph Murray alipochukua figo ya Ronald Herrick na kumpa Richard, pacha wake wa kufanana. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ronald, aliyebaki na figo moja, alifariki mwaka wa 2010, miaka 56 baada ya kuitoa. Twajua hayo kwa sababu watu hao wawili hawakuachwa waende zao na kusahauliwa. Walifuatiliwa, na habari zao zikaandikwa.

Tazama pia uhusiano wa figo na saratani. Mgonjwa anayepewa figo ya mtu mwingine hana budi kumeza dawa za kutuliza kinga ya mwili, ili mwili usiikatae figo hiyo ngeni. Kinga ikitulizwa, saratani hupata mwanya. Jambo hili halikufunuliwa na darubini peke yake. Mwaka wa 1968 daktari mmoja mzaliwa wa Afrika Kusini, Israel Penn, alianzisha daftari huko Denver, Marekani, akawa anakusanya habari za kila mgonjwa aliyepandikizwa kiungo kisha akaugua saratani. Kisa kimoja kilionekana kuwa bahati mbaya. Visa vingi vilipowekwa pamoja, ndipo hatari ilipojitokeza wazi, madaktari wakajifunza kuwachunguza wagonjwa wao mapema. Daftari hilo lilidhihirisha vilevile kwamba figo yenye saratani iliyojificha yaweza kumwambukiza anayeipokea.

Na mtoaji je? Kwa miaka mingi watoaji waliambiwa kwamba figo moja yatosha, na kwamba hawana la kuhofia. Mwaka wa 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoaji 96,217, waliolinganishwa na watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa figo. Katika muda wa miaka 15, watoaji wapatao 31 kati ya kila 10,000 walifikia hali ya figo kushindwa kabisa kufanya kazi. Kwa wasiotoa, idadi ilikuwa karibu 4. Kwa watoaji weusi ilikuwa karibu 75. Idadi hizi ni ndogo, na mtu anayempa nduguye figo kwa hiari hana sababu ya kujuta. Lakini ni haki ya kila mtoaji kuelezwa kabla ya kulala kitandani. Kijana aliyeahidiwa pikipiki na kiwanja hakuelezwa kwamba anahitaji kuangaliwa maisha yake yote, kwa maana aliyemwahidi hakukusudia kumwangalia.

Msomaji atauliza: kwa nini tusitumie matokeo ya wenzetu, maadamu mwili wa binadamu ni mmoja? Jibu limo katika kisa ambacho kingepaswa kutuamsha. Ili kujua figo zinafanya kazi kwa kiwango gani, madaktari hupima uchafu wa damu uitwao kreatinini, kisha hutumia hesabu maalumu. Hesabu zilizotungwa Marekani mwaka wa 1999 na 2009 zilimwongezea mtu mweusi kati ya asilimia 16 na 21, kwa kudhaniwa kwamba ana misuli mingi zaidi. Matokeo yake ni kwamba figo zilizochoka zilionekana nzima, na mgonjwa mweusi akachelewa kuingizwa katika foleni ya kupandikizwa. Nyongeza hiyo iliondolewa katika hesabu mpya ya mwaka wa 2021. Kuanzia Januari 2023 hospitali za Marekani ziliagizwa kuwarejeshea wagonjwa weusi muda walionyimwa, na zaidi ya 14,000 kati yao wakasogezwa mbele.

Na huku kwetu? Mwaka wa 2022 ulichapishwa utafiti uliofanywa Malawi, Uganda na Afrika Kusini kwa watu wapatao 2,500, ambao figo zao zilipimwa kwa njia ya uhakika na wala si kwa hesabu tu. Ilibainika kwamba hesabu za kreatinini huzipamba figo za Mwafrika, na kwamba maradhi ya figo yameenea kuliko tulivyodhani. Ukweli huo haungeweza kupatikana Boston wala London. Ulipatikana kwa kuwapima Waafrika, Afrika.

Saratani ya tezi dume inatufunza somo lilo hilo. Nchini Uingereza, wanaume 1,643 waliopatikana na saratani hiyo ikiwa bado haijaenea walikubali kugawanywa kwa kura katika makundi matatu: wa kufuatiliwa tu, wa kupasuliwa, na wa kutibiwa kwa mionzi. Baada ya miaka 15, kama ilivyotangazwa mwaka wa 2023, asilimia 2.7 tu ya wote walikuwa wamekufa kwa saratani hiyo, na makundi yote matatu yalikaribiana. Wengi wamejifunza kutokana na matokeo hayo kwamba si kila saratani ya tezi dume huhitaji kisu mara moja. Ni habari njema. Lakini karibu wanaume wote katika utafiti ule walikuwa wazungu, na yajulikana kwamba wanaume wenye asili ya Afrika hupatwa na ugonjwa huu zaidi. Basi daktari wa Kakamega au Machakos, akiwa na mgonjwa mbele yake, amshauri angoje au apasuliwe? Anaazima kipimo cha mwili mwingine na kuomba kimfae huyu.

Wapo watakaosema kwamba Afrika haina uwezo wa kufanya utafiti wa aina hii. Nawaelekeza Cape Town. Katika hospitali ya Groote Schuur, mwaka wa 2008, Dkt Elmi Muller alianza kuwapandikiza wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi figo za watu waliofariki wakiwa na virusi hivyo hivyo. Wagonjwa hao walikuwa hawana pengine pa kwenda, na figo hizo zilikuwa zikitupwa. Wengi walishuku kazi hiyo. Yeye aliwafuatilia wagonjwa wake na kuandika, na mwaka wa 2015 akachapisha habari za wagonjwa 27: baada ya miaka mitano, asilimia 74 walikuwa hai. Marekani, ambayo sheria yake ilikuwa ikikataza jambo hilo, iliibadilisha mwaka wa 2013 ili kuruhusu utafiti kama huo. Siku hiyo mwanafunzi alikuwa mkubwa, na mwalimu alikuwa Mwafrika.

Naelewa vyema kwa nini neno utafiti huwatia watu wetu hofu. Mwananchi huogopa kugeuzwa panya wa maabara, na historia ya bara hili haimwambii kwamba hofu yake ni ya bure. Lakini na tutofautishe mambo. Utafiti wa kweli humwuliza mtu idhini, humweleza hatari, humpa ruhusa ya kujiondoa, na humfuata hadi nyumbani kujua hali yake. Biashara ya figo humlipa, humpa nauli, na humfuta katika kumbukumbu. Kati ya hayo mawili, ni lipi linalomgeuza mtu kuwa mnyama?

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inataka upandikizaji ufanywe katika hospitali iliyoidhinishwa, na kwa ridhaa ya mtoaji. Hayo ni ya siku ya upasuaji. Yanayohitajika sasa ni ya siku zinazofuata. Serikali haina budi kuanzisha daftari moja la taifa la kila anayetoa na kila anayepokea figo, na hospitali isiyopeleka habari zake humo kila mwaka inyang'anywe kibali. Kila mtoaji apimwe bure maisha yake yote, kwa gharama ya huduma iliyochukua figo yake na si kwa mfuko wake. Na wagonjwa wetu wa saratani za tezi dume, figo na kibofu waalikwe katika utafiti unaoongozwa na vyuo vyetu na taasisi kama KEMRI, ambayo imekwisha kuonyesha katika malaria na Ukimwi kwamba Wakenya waweza kuuliza maswali na kuyajibu wenyewe.

Kamati zitakuja na zitakwenda, na huenda watu wakashtakiwa. Lakini mali bila daftari huisha bila habari, na hapa mali yenyewe ni miili ya vijana wetu. Nangoja kumsikia Waziri, awaye yeyote, akisimama bungeni na kulieleza taifa ni watoaji wangapi wa figo walio hai leo, wanaishi wapi, na hali zao zikoje.