Mlinzi wa Usiku Naye ni Mfanyakazi

Inapotajwa Arusha kuwa ni mji wa wafanyakazi, fikra za wengi huelekea kwenye viwanda vyake, Sunflag na nguo zake, A to Z kule Kisongo na vyandarua vyake, na General Tyre ambayo matairi yake yalikoma kutengenezwa mwaka 2009. Ni nadra mno kukumbukwa yule kijana wa Kimasai aliyetoka Piyaya, kata ya wafugaji huko Ngorongoro, ambaye jua likishatua hujifunga lubega, akashika rungu na tochi, akakaa getini hadi alfajiri kuilinda mali isiyo yake.

Kijana huyo hakuja mjini kwa kutamani anasa. Ukame wa mwaka 2009, na ule uliorejea 2021 na 2022, uliangamiza ng'ombe wengi katika nchi ya Umasai. Na mwaka huohuo wa 2022 kilometa za mraba 1,500 za Loliondo, zilizokuwa malisho tangu enzi za mababu, zikatengwa kuwa pori la akiba la Pololeti. Basi aila zilizokuwa zikiishi kwa maziwa na mauzo ya mnadani zikalazimika kuwatoa vijana wao wakatafute ujira Arusha, Dar es Salaam, hata katika mahoteli ya Unguja. Mshahara aghalabu hurudi nyumbani kwa simu, ukanunua mahindi, dawa za mifugo na madaftari ya wadogo zao. Na wapo ambao mchana, badala ya kulala, husuka nywele za wanawake, ufundi ambao morani wameuzoea kwa kusukana wenyewe.

Ninalolilalamikia ni kwamba waajiri wengi humchukua mtu huyu kwa sifa ya kabila lake, wakisadiki kuwa Mmasai haogopi wala hachoki, na maadamu wameisadiki sifa hiyo, hawaoni haja ya mkataba. Ushujaa wake ni haki kusifiwa. Lakini baridi ya Julai chini ya Mlima Meru humwingia yeye kama ambavyo ingemwingia tajiri wake, na jambazi mwenye bunduki haulizi kabila.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumsahau mlinzi huyu. Yamuamuru mwajiri ampe masharti ya kazi kwa maandishi, na asipoyafahamu, aelezwe kwa namna atakayoifahamu. Yampa mapumziko ya saa 24 kwa wiki. Na kwa kila saa ya kazi baina ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili alfajiri, yamuongezea si chini ya asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi. Kwa hiyo nawasihi maafisa kazi wa Arusha wasiishie kukagua viwanda mchana: wapite Njiro, Sakina na Kijenge usiku, wasimame kila geti, wamuulize aliye pale, kwa Kimasai ikibidi, kama amewahi kuuona mkataba wake.