KONA YA KOMPYUTA: Diski ya kigeni haijafa

Mwezi huu tunajibu swali lililoletwa na familia zaidi ya moja, hasa zile zilizotoka Vamizi. Kisiwa kilipovamiwa Septemba 2020 wengi waliondoka mikono mitupu, ila wapo waliofunga diski au flashi kwenye pindo la kanga. Ndani mna harusi, sura za marehemu na nakala za vyeti vya watoto.

Shida huanza hivi. Unachomeka diski kwenye kompyuta ya Windows, inakuuliza: diski hii haitumiki mpaka ifomatiwe, je, tuifomati? Jamani, MSIKUBALI! Kufomati ni kuiandaa upya kama tupu, na picha ndiyo zinapotea. Mara nyingi diski ni nzima, ila imepangwa kwa utaratibu ambao mashine ile haiujui. Windows hupanga kwa NTFS, Mac za zamani kwa HFS+. Kuna diski moja iliyofika darasani, mgeni wa hotelini Vamizi alimwachia kijana aliyefanya kazi pale. Ilikuwa ya Mac, na tayari mtu ameshaambiwa imekufa.

Kompyuta yetu inatumia Ubuntu, yaani Linux, nayo inazijua taratibu zote hizo mbili. Ila Linux haina diski D wala E. Diski lazima ipachikwe kwenye folda, kama dau linalofungwa gatini kabla ya kushusha mizigo. Ukibofya tu itajipachika yenyewe, lakini ya NTFS itafunguliwa na ruhusa ya kuandika, na sisi hatutaki kuandika chochote juu ya kumbukumbu za watu. Ikiwa imeshajipachika, itoeni kwanza.

Basi fungueni dirisha la amri, andikeni lsblk -f. Mtaona vipande vya diski na utaratibu wa kila kimoja. Diski ya Mac huwa na kipande kidogo mwanzoni, kama MB 200. Siyo hicho, tafuteni kile kikubwa, tuseme sdb2. Halafu:

sudo mkdir /mnt/vamizi
sudo mount -t hfsplus -o ro /dev/sdb2 /mnt/vamizi

Hilo "ro" ndilo la muhimu kuliko yote, maana yake kusoma tu. Kwa NTFS badilisheni hfsplus iwe ntfs3, iliyoingia ndani ya Linux mwaka 2021. Mac za kuanzia 2017 zina utaratibu mwingine, APFS, huo amri hii haiufungui, inahitaji programu ya pembeni.

Mkimaliza kunakili andikeni sudo umount /mnt/vamizi. Angalieni, ni umount, siyo unmount. Wanafunzi wetu wanakwama hapo kila wiki. Ikisema diski ina shughuli, mmoja wenu bado yumo ndani ya folda ile, atoke kwanza. Msichomoe kwa nguvu.

Diski ikigoma hata kwa ro, au ikilia tik-tik, zimeni, msijaribu mara kumi kumi. Ileteni kama ilivyo.

Tunapokea diski Jumamosi asubuhi, wenye nyaraka za watoto watangulie. Njooni na flashi tupu ya kuhamishia. Kama ni video ndefu ya harusi, flashi iwe ya exFAT, kwa sababu ya FAT32 haipokei faili moja lililozidi GB 4.