Mlima Ulionunuliwa kwa Fedha za Mji

JICHO LA JUMA
Na Zuhura Mwakisha

Mwaka 1889 baraza la mji wa Edinburgh, Uskoti, lilinunua mlima. Halikuutaka kwa machimbo wala kwa kambi ya jeshi, na halikuukata viwanja vya kuwauzia matajiri waliokuwa wakijenga upande wa kusini wa mji. Liliununua ili wakazi wake, wawe makarani au mafundi viatu, wapate mahali pa kuchezea gofu. Mlima huo unaitwa Braid Hills na hadi leo kiwanja chake ni cha umma. Ukiwa na fimbo zako na ada ya kucheza, hakuna atakayekuuliza wewe ni mwanachama wa wapi wala nani amekudhamini.

Kwa karne kadhaa watu wa Edinburgh walikuwa wakicheza gofu katika uwanda wa Bruntsfield, ardhi ya wazi isiyo mbali na katikati ya mji. Mji ukakua. Nyumba zikausogelea uwanda, njia za miguu zikaukatiza huku na huku, na wapita njia wakawa wanatembea pale pale mipira inapotua. Vilabu vya wenye uwezo viliona mapema kwamba nafasi imekwisha. Kile cha kale cha Leith, ambacho mwaka 1744 kiliandika kanuni 13 za kwanza za mchezo huu, kilihamia Musselburgh, na mwaka 1891 kikafungua kiwanja chake kipya cha Muirfield. Wanachama wake walikuwa na fedha za kuhama. Asiye na klabu angehamia wapi? Baraza la mji lilijibu kwa kununua ardhi.

Nilipanda Braid Hills mwezi Juni mwaka jana, saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wametoka kazini. Mwezi huo jua la kule halizami mpaka karibu saa nne usiku, kwa hiyo mtu anaweza kumaliza zamu yake, akala, akapanda mlima, na bado akacheza mashimo yote 18 akiuona mpira wake. Nilipangwa pamoja na watu wawili nisiowajua: dereva wa basi, na mama mmoja mstaafu aliyebeba fimbo chache begani bila mkokoteni wala msaidizi. Ndivyo ilivyo kwenye kiwanja cha umma. Anayefika peke yake huunganishwa na waliopo, wanapeana mikono, wanaanza.

Gofu ya mlimani haichezwi kama ya tambarare. Kwenye uwanja bapa unafikiria umbali na upepo, basi. Mlimani unaanza na miguu yako. Mpira ukiwa juu ya usawa wa miguu, anayepiga kwa mkono wa kulia atauona ukivutwa kushoto. Ukiwa chini ya miguu, utakimbilia kulia. Ukipiga huku umeelekea juu, mpira hupaa sana na kuanguka karibu, hivyo unachagua fimbo ya kwenda mbali zaidi kuliko macho yanavyokushauri. Ukishuka, mpira huruka chini chini na kuendelea kubingirika hata baada ya kutua. Halafu kuna miamba. Braid Hills ni mabaki ya volkano ya kale, na mahali pengi jiwe limechomoza katikati ya nyasi. Mpira ukiligonga, hakuna ajuaye utaishia wapi. Kandokando kuna vichaka vya miiba ambavyo Waskoti wanaviita whin. Majira ya kuchipua hufunika mlima kwa maua ya manjano, na maua hayo yananukia nazi. Kwa mtu wa pwani kama mimi, harufu ile juu ya mlima wa baridi ilinishangaza kuliko nilivyotarajia, ingawa Juni maua machache tu yalikuwa yamebaki.

Yule mama mstaafu hakuhangaika na mambo haya. Alipiga mapigo mafupi, ya chini, akauacha mlima umfanyie kazi. Pale nilipolenga bendera moja kwa moja, yeye alilenga kilima kilicho hatua ishirini pembeni, na mpira wake ukateremka taratibu mpaka karibu na shimo. Nilijifunza kwake kuliko kitabu chochote cha gofu nilichowahi kusoma, na sikulipa ada ya mwalimu.

Ukishapanda kiasi, geuka nyuma. Kaskazini mji wote uko chini yako: ngome juu ya mwamba wake, kilima cha Arthur's Seat chenye mita 251, kisha maji mapana ya Forth na ng'ambo yake mashamba ya Fife. Kusini imesimama safu ya Pentland. Mimi nimekulia Wundanyi, chini ya kilele cha Vuria, na sikosi mandhari ya kujivunia nyumbani. Kilichonigusa Braid Hills ni kwamba uzuri ule haukuzungushiwa ukuta. Watu walipita na mbwa wao, vijana wawili walipita wakikimbia, na kila mara dereva wa basi alishusha fimbo akangoja, akawapungia mkono, kisha akapiga. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kukatiza kiwanja cha gofu kwa miguu, mradi asikanyage nyasi laini zinazozunguka shimo na asiwaingilie wanaocheza. Huko St Andrews, kwenye kiwanja maarufu kuliko vyote duniani, siku ya Jumapili kwa kawaida hakuna mchezo. Wenyeji hutembea juu yake na watoto wao kama bustani yoyote ya mji.

Wengi wetu tunaamini kwamba gofu ni mchezo wa matajiri kwa asili yake. Kwao ulikoanzia haukuwa hivyo. Mwaka 1457 bunge la Uskoti liliupiga marufuku pamoja na kandanda, kwa sababu watu walikuwa wakiacha mazoezi ya upinde waliyohitajiwa kwa vita. Bunge halitungi sheria dhidi ya burudani ya mabwana wachache. Na kutoka mlima huu wa umma alitoka Tommy Armour, mtoto wa Edinburgh aliyejifunzia mchezo hapo, akaenda vitani katika Vita Vikuu vya Kwanza na kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto, kisha akashinda ubingwa wa wazi wa Marekani mwaka 1927 na ule wa Uingereza mwaka 1931. Sisemi kila mlima wa umma utazaa bingwa. Nasema bingwa yule alipata mahali pa kuanzia bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kwetu Kenya gofu ililetwa na wakoloni, nao waliileta ikiwa ndani ya klabu. Kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo kupitia jikoni, au akiwa amebeba mfuko wa fimbo za mtu mwingine. Uhuru ulibadilisha rangi za wanachama lakini lango likabaki pale pale: barua ya mdhamini, ada ya kujiunga, orodha ya kusubiri. Vilabu vyetu vya nyanda za juu, Nyeri, Kericho, Nandi Hills, Limuru, vimekaa kwenye miinuko ambayo mgeni yeyote angesafiri mbali kuiona. Kijana aliyezaliwa mita mia tano kutoka kwenye lango anaufahamu mteremko ule kwa sababu moja tu, kwamba yeye ni kedi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hii walianza hivyo hivyo, wakibeba mifuko, wakijifunza kwa kutazama, wakicheza saa ambazo wenyewe hawapo. Kipaji kilichopenya tundu dogo namna hiyo kinanifanya niwaze ni vipaji vingapi vilivyokwama nje.

Kuna viwanja vichache vya biashara vinavyompokea yeyote mwenye kulipa, na ninavishukuru. Lakini mwenye kiwanja cha biashara anaweza kesho kukiuza kwa mjenzi wa maghorofa, na hatakuwa amekosea. Ninachokitaka ni kiwanja ambacho mwenyewe ni mji.

Tena tumepewa kila kitu cha kuanzia. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linaziachia kaunti kazi ya michezo, bustani na maeneo ya burudani. Miinuko tunayo. Hata nyasi ni zetu. Katika klabu ya Riviera huko Los Angeles, itakakochezwa gofu ya Olimpiki ya mwaka 2028, wachezaji bora wa dunia hupiga mipira yao kutoka kwenye nyasi za Kikuyu, nyasi zilizotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na kupewa jina la watu wa huku. Zilipelekwa California karne iliyopita kwa sababu mizizi yake hushika udongo wa mteremko usimomonyoke. Zimesafiri nusu ya dunia kwenda kutandikwa chini ya miguu ya mabingwa, na hapa kwao zinalishwa ng'ombe na kung'olewa mashambani kama magugu.

Najua nitakachoambiwa. Kwanza, ardhi: watu hawana mashamba, wewe unazungumzia mpira mdogo mweupe? Hoja hii ni nzito na siwezi kuipita. Kiwanja kamili cha mashimo 18 huchukua ekari mia na zaidi, na hakuna kaunti inayopaswa kumhamisha mkulima hata mmoja kwa ajili hiyo. Wala msitu usiguswe. Profesa Wangari Maathai alipigwa Karura mwaka 1999 akiutetea msitu usigawanywe, na hakuna mchezo utakaonishawishi kuisahau damu yake. Lakini mwanamke huyo huyo ndiye aliyesimama mwaka 1989 kuikataa ghorofa iliyokusudiwa kujengwa Uhuru Park, miaka mia moja kamili baada ya Edinburgh kununua mlima wake, na hoja yake ilikuwa kwamba mtu wa mjini asiye na bustani nyumbani kwake ana haki ya nyasi, ya kivuli na ya mahali pa kukaa bila kununua kitu. Ardhi ya umma inayokaa tupu ndiyo inayonyakuliwa. Mteremko ambao watu mia mbili wanaupanda kila Jumamosi una mashahidi mia mbili.

Pili, maji. Hapa naungana na wanaolalamika. Kiwanja cha kijani kibichi mwaka mzima, kinachonyweshwa wakati mitaa ya chini inapanga mitungi, ni aibu. Braid Hills haiko hivyo. Nyasi zake ni fupi na ngumu, zinaishi kwa mvua, na kiangazi kikikaza zinageuka rangi ya majani makavu na watu wanaendelea kucheza. Mwagilia nyasi za kuzunguka mashimo peke yake, tena kwa maji ya mvua yaliyovunwa mlimani hapo hapo. Kwingine kote acha majira yaamue. Na dawa za kuua magugu zisifike kwenye kijito kinachonywesha watu walio chini.

Tatu, fedha. Viwanja vya umma havimtajirishi mtu, na huko Edinburgh kwenyewe kiwanja cha pili cha mlima ule kilikuja kupunguzwa hadi mashimo tisa. Hata hivyo tazama kilichotokea jirani. Klabu ya Lothianburn, iliyokuwa ubavuni mwa Pentland tangu karne ya 19, ilifungwa miaka ya 2010, kwa kuwa klabu huishi kwa michango ya wanachama na wanachama wakipungua hakuna mwingine wa kuibeba. Mlima wa umma bado unachezewa. Mji haukuuhesabu kama duka. Uliuhesabu pamoja na maktaba na mabwawa ya kuogelea, vitu ambavyo mtu hulipia kidogo na mji ukaongezea kilichobaki.

Kaunti inayotaka kuanza haihitaji kununua mlima mzima. Mashimo tisa mafupi huenea kwenye ekari ishirini au thelathini. Pale Bruntsfield penyewe, walipofukuzwa wachezaji na msongamano, kuna kiwanja cha mashimo mafupi hadi leo, na mwenye fimbo zake hacheleweshwi na ada yoyote. Weka kibanda cha kukodisha fimbo, maana bei ya fimbo ni lango jingine. Wape kazi makedi wa vilabu vya karibu wawafundishe watoto wa shule; wanaujua mchezo, wanaijua lugha ya watoto, na kwa mara ya kwanza wangelipwa kwa kile wanachokijua badala ya kile wanachokibeba. Jumapili mchana funga mchezo, fungua mlima kwa familia.

Makadirio ya bajeti ya kaunti sharti yawasilishwe kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla hayajapitishwa. Katika kikao cha kaunti yetu nitaomba mambo mawili kwa maandishi: orodha ya ardhi yote ya umma iliyo kwenye miinuko, na jina la anayeitumia sasa.