Riverside si Kampala

Jumamosi nikifunga duka langu la kutoa nakala, huvuka Barabara ya Muindi Mbingu nikaingia bustani ya Jeevanjee, hapa Nairobi, kuwasikiliza watu wa Bunge la Mwananchi, baraza la wazi la mijadala ya raia. Juzi mzee aliyeongoza mjadala alitaka tumalize kwanza siasa za nyumbani: bei ya unga na kura ya 2027. Ya Uganda na Tanzania yangoje, muda ukibaki. Nilisimama nikampinga, na hapa nampinga tena.

Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, hakutekwa Kampala. Alikuja Nairobi kwa uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua, akanyakuliwa Riverside Novemba 16, 2024, na siku nne baadaye akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwao. Mtu aliyegombea urais mara nne, sura yake ikijulikana Afrika Mashariki nzima, alitolewa nchini mwetu kama gunia la magendo! Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha katiba. Majaji wa kule wamesema lao. Sisi tuliokuwa wenyeji wake bado hatujatajiwa kwa majina nani aliwafungulia njia watekaji.

Mwezi huo huo wa Januari Maria Sarungi Tsehai, mkosoaji wa serikali ya Tanzania, alitekwa Kilimani, hapa hapa Nairobi, mchana, akaachiwa saa chache baadaye.

Kisha zamu yetu ikafika. Mei 2025 mwanaharakati wetu Boniface Mwangi alikwenda Dar es Salaam kwa kesi ya uhaini ya mpinzani Tundu Lissu, akakamatwa, akaja kuachwa Ukunda akisimulia mateso. Oktoba wanaharakati wenzake Bob Njagi na Nicholas Oyoo walitekwa Uganda, wakarudi Novemba. Serikali iliyomwacha mgeni atekwe kwake itamdai jirani kwa mdomo gani?

Mzee alinijibu kwamba njaa haingoji. Ni kweli, na inaniuma kila ninapopanga foleni dukani. Lakini vijana waliopinga Mswada wa Fedha Juni 2024 walikuwa wakililia unga huo huo, na baadhi yao walichukuliwa na watu waliofunika nyuso.

Wanaotaka kura yangu Agosti 2027 wajiandae. Nitawauliza bei ya unga, kisha niwaulize kama watawaita wakuu wa usalama Bungeni waeleze, chini ya kiapo, Besigye alivushwaje mpaka.