Dalali wa nyumba: Serikali imemlinda, nani atamsajili?

AMRI iliyotolewa na Wizara ya Viwanda na Biashara mwishoni mwa Julai 2025, ikiorodhesha biashara 15 ambazo raia wa kigeni hawaruhusiwi tena kuzifanya nchini, ilizua mjadala mkubwa ndani na nje ya mipaka yetu. Wengi waliizungumzia Kariakoo na maduka yake ya jumla na rejareja. Wengine waliwatazama mawakala wa fedha za simu, mafundi simu na wenye saluni. Lakini katika orodha hiyo hiyo kulikuwa na kipengele kilichopita kimya kimya, nacho ni udalali na uwakala katika biashara na mali zisizohamishika.

Kwa maneno mengine, kazi ya kumtafutia mtu nyumba, chumba, fremu au kiwanja sasa ni ya Mtanzania peke yake, na mgeni atakayeifanya anakabiliwa na faini, kifungo na kufutiwa viza. Hilo ni jambo kubwa. Swali la kujiuliza ni hili: kazi tuliyoizungushia uzio ni kazi ya namna gani, inalipa kiasi gani, na anayeingia humo anatakiwa ajue nini?

Jibu la swali la mwisho ni jepesi na linasikitisha. Kwa Tanzania Bara hatakiwi kujua chochote. Hakuna sheria mahususi inayomtaka dalali wa nyumba na viwanja asajiliwe, afanye mtihani, aweke dhamana au awajibike mbele ya bodi yoyote ya kitaaluma. Mwenye ofisi yake anaweza kuandikisha jina la biashara, akachukua namba ya mlipa kodi na leseni ya halmashauri kama afanyavyo muuza duka. Asiye na ofisi anahitaji simu, kopo la rangi na mti wa kuandikia namba yake.

Linganisha na binamu yake, dalali wa mahakama. Huyu ndiye anayekamata na kunadi mali za mdaiwa aliyeshindwa kesi. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2017, hateuliwi bila kwanza kupata cheti cha umahiri kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na akikiuka maadili ipo kamati ya kumshughulikia. Mthamini naye ana sheria yake ya mwaka 2016 na bodi yake ya usajili. Matokeo yake ni kwamba anayenadi makochi ya mdaiwa amepita darasani, anayekadiria thamani ya nyumba amesajiliwa, lakini anayemkutanisha muuzaji na mnunuzi wa nyumba hiyo hiyo ya shilingi milioni 200 anaweza kuwa yeyote aliyeamka asubuhi na kujiita dalali.

Tutazame malipo, kwani hapo ndipo vijana wengi wanapodanganyika. Desturi iliyozoeleka mijini ni kwamba mpangaji humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo hutoa fedha kidogo ya kuzungushwa kuonyeshwa vyumba, ambayo hairudishwi hata kama hakupenda hata kimoja. Chukua chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 600,000. Dalali anachukua 100,000. Mpangaji anaingia akiwa ametoa 700,000 hata kabla hajanunua pazia.

Kwa mpangaji hiyo ni fedha nyingi. Kwa dalali si nyingi kama inavyodhaniwa. Mara nyingi mwenye taarifa za chumba ni dalali mmoja na mwenye mteja ni mwingine, hivyo hugawana. Dalali aliyepangisha vyumba vitatu vya bei hiyo katika mwezi mzuri, viwili kati ya hivyo kwa kushirikiana na mwenzake, anabaki na 200,000, ambayo bado haijatolewa nauli, bando la simu na pikipiki za kuzungusha wateja. Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Dalali wa vyumba anayeifikia 500,000 kila mwezi ni mchapakazi kwelikweli, na hana bima ya afya wala mchango wa uzeeni.

Ndiyo maana kila dalali huota kuuza. Katika mauzo, kiwango kinachotajwa mara nyingi ni asilimia tano ya bei, ingawa wapo wanaodai hadi kumi. Kiwanja cha shilingi milioni 30 kinaweza kumpa 1,500,000. Lakini katika biashara ya viwanja msururu ni mrefu zaidi: yupo anayemjua mwenye eneo, yupo anayemjua huyo anayemjua mwenye eneo, na yupo aliyemleta mnunuzi. Wakigawana watatu, kila mmoja anapata 500,000, nayo huenda imemgharimu miezi mitatu ya kupanda na kushuka Kigamboni au Bunju.

Hapo ndipo kinapozaliwa kile ambacho madalali wenyewe hukiita cha juu. Mwenye kiwanja anasema milioni 22, dalali anamtajia mnunuzi milioni 30, na milioni nane zinaishia njiani. Wapo wanaosema hiyo ni biashara huria na kila mtu anakula kwa urefu wa kamba yake. Mwandishi wa makala haya hakubaliani nao. Anayelipwa na watu wawili huku akimficha kila mmoja bei ya mwenzake si wakala wa yeyote kati yao. Ni mfanyabiashara anayeuza mali isiyo yake bila kuthubutu kuinunua.

Katika upangishaji tatizo ni la aina nyingine, nalo halizungumzwi vya kutosha. Anayemlipa dalali ni mpangaji, lakini anayemhudumia ni mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye atakayempa chumba kingine kesho. Aidha, dalali hapati kitu mpangaji anapokaa miaka mitano kwa amani. Anapata pale mpangaji anapohama. Tangu sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, kodi imekuwa ni makubaliano ya wawili, na mtu wa kwanza kumnong'oneza mwenye nyumba kwamba jirani yake ameshapandisha ni yule yule atakayeleta mpangaji mpya. Hatusemi kila dalali hufanya hivyo. Tunasema namna anavyolipwa inamvuta huko.

Hata hivyo, itakuwa si haki kuwatazama kama walanguzi tu. Dar es Salaam ilikuwa na wakazi wasiozidi milioni 2.5 katika sensa ya mwaka 2002, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Idadi hiyo yote imetafuta mahali pa kulala, na sehemu kubwa imepapata kupitia watu hawa wa vijiweni. Hakuna daftari la serikali linaloonyesha vyumba vilivyo wazi Mbagala au Tandika. Dodoma nako, tangu uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia serikali huko, mtumishi aliyeshuka na mabegi yake hakupokewa na mfumo wowote. Alipokewa na dalali. Nafasi za kazi hii zipo, na kadiri miji inavyopanuka zitaendelea kuwapo.

Kinachobadilika ni aina ya dalali atakayezipata. Zamani mtaji wake ulikuwa taarifa: yeye anajua chumba kiko wapi, wewe hujui. Leo mwenye nyumba anapiga picha mwenyewe na kuiweka Instagram au kuituma kwenye kundi la WhatsApp, na mteja anaiona akiwa ndani ya daladala. Taarifa pekee inashuka thamani kila siku. Kinachopanda thamani ni uhakika, kwa sababu picha nzuri ya mtandaoni haisemi kama anayeuza ndiye mwenye mali.

Dalali atakayeishi vizuri kwa kazi hii miaka kumi ijayo lazima ajue kusoma nyaraka. Anapaswa kutofautisha hati miliki, barua ya toleo, leseni ya makazi na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, kwani kila moja ina uzito wake. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na kinachouzwa ni haki ya kuimiliki kwa muda na kwa masharti. Ajue kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ili kuona kama nyumba imewekwa rehani benki au ina zuio. Ajue mchoro wa mipango miji unasemaje, maana viwanja vingi vya bei poa vimekutwa vimechorewa barabara au uwanja wa shule.

Lipo jambo moja ambalo madalali wengi huliruka na ambalo linaweza kuwapeleka wateja wao mahakamani: ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi imelikazia hilo. Mnunuzi aliyelipa milioni 80 kwa baba mwenye nyumba, kisha akaletewa zuio na mama aliyekuwa safarini, alihitaji mtu mmoja tu wa kumwuliza muuzaji kama ameoa. Hiyo ndiyo kazi aliyomlipa dalali, na haikufanyika.

Kuna pia ushauri mbaya unaotolewa kwa nia njema, wa kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili muuzaji apunguziwe kodi. Licha ya kuwa ni kosa, unamgeukia mnunuzi. Siku naye atakapouza, faida yake itahesabiwa kuanzia ile bei ndogo iliyoandikwa, na asilimia kumi ya ongezeko la thamani atailipa yeye. Dalali aliyeshauri atakuwa amekwishabadili namba ya simu.

Jambo jingine ni fedha haramu. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu inawataja mawakala wa mali zisizohamishika miongoni mwa watu wanaowajibika kutoa taarifa za miamala inayotia shaka. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu katika eneo hilo Oktoba 2022, na iliondolewa Juni 2025. Kubaki nje ya orodha ni kazi ya kila siku. Lakini utamwajibishaje mtu ambaye hayumo katika daftari lolote?

Wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya mwaka 1984 na bodi ya kuwasajili. Isidhaniwe kwamba imewamaliza matapeli, kwani Nairobi na miji yake ya jirani bado ina vilio vya viwanja hewa. Tofauti ni kwamba Mkenya anaweza kuuliza kama wakala amesajiliwa na akapata jibu. Mtanzania hana hata wa kumwuliza.

Hofu ya upande wa pili nayo ina msingi. Usajili ukija na sharti la shahada, watakaofaidi ni kampuni chache zenye ofisi Masaki na Oysterbay pamoja na wahitimu wa Chuo Kikuu Ardhi, huku kijana wa Manzese aliyeifanya kazi hii miaka 15 akigeuzwa mhalifu. Ulinzi dhidi ya mgeni hautakuwa umemsaidia kitu kama mlango utafungwa na mwenyeji.

Lakini si lazima iwe hivyo. Cheti cha Lushoto hakikumtaka dalali wa mahakama awe wakili. Wizara ya Ardhi ina vyuo vyake viwili, Morogoro na Tabora, vinavyofundisha mambo ya ardhi, na kozi ya wiki chache kwa Kiswahili kuhusu nyaraka, upekuzi, ridhaa ya mwenzi, kodi na utunzaji wa fedha za mteja si jambo linalohitaji majengo mapya. Linalohitajika ni waraka wa kusema nani ataifundisha, nani ataitambua, na kijana mwenye namba yake juu ya mti aende ofisi gani kujiandikisha.