MASTAA, VIUNGO HAVIFUFUI KOME ALIYEKUFA!

Jamani wadau, hili la mastaa wetu kugeuka wapishi limefika pabaya, na leo sinyamazi.

Kuna dada mmoja wa filamu, jina kapuni, katupia klipu anapika kome kwa mvuke. Jiko la marumaru, kucha ndefu kama za mwewe, muziki laini. Sina shida na jiko wala kucha, hela ni zake. Shida yangu ni lile bakuli. Nusu ya kome walikuwa wameachama kabla hata moto haujawashwa! Na haishangazi, maana kajisifu mwenyewe kwamba aliwaloweka kwenye maji ya bomba usiku kucha "watoe mchanga". Kiumbe wa baharini umlaze kwenye maji yasiyo na chumvi, ataamka? Akawamwaga wote sufuriani, akafuatisha pakiti tatu za viungo, akasema, "Viungo vinaua kila kitu." Na mashabiki makopakopa kama yote.

Nani kamdanganya? Kitunguu saumu, tangawizi, bizari, pilipili mbuzi, vyote hivyo vinaleta ladha na harufu. Tena harufu yake ndiyo hatari yenyewe, inafunika uvundo ambao ungekuonya. Kome na chaza wanatakiwa waingie jikoni wakiwa hai, kwa sababu wakishakufa bakteria huzaliana haraka mno, na zipo sumu ambazo haziondoki hata uchemshe maji yakauke. Aliyeachama mgonge gambani. Akijifunga, mzima. Asipojifunga, jalalani, hata kama umemnunua kwa bei ya dhahabu. Na kuwahifadhi ni kwenye friji chini ya kitambaa kibichi, basi.

Halafu eti wake ni "wa kishua, siyo wale wa kuokota matopeni". Hapo ndipo aliponichefua kabisa. Kina mama wa Fumba kule Unguja wanaokwenda pwani maji yakipwa, mgongo umepinda, wanarudi na chaza waliotoka baharini siku hiyo hiyo. Wewe wako wamepanda ndege, wamelala friji, wakamalizikia kwenye ndoo ya bomba. Nani hapo mwenye chakula cha kishua?

Na zile dakika 40 jikoni! Kome hapikwi kama makongoro, anakuwa kandambili. Kaanga kitunguu, saumu na tangawizi, tia bua la mchaichai ulilolipondaponda, weka nusu kikombe cha maji au tui jepesi. Yachemke kwanza. Mwaga kome waliosuguliwa magamba na kung'olewa zile nyuzi, funika, moto mkali, dakika 5 hadi 7, tikisa sufuria mara moja katikati. Wakifunguka, epua. Waliogoma kufunguka achana nao, usiwachokonoe kwa kisu kama alivyofanya yeye. Majani ya giligilani na ndimu ni mwisho kabisa, yakichemka sana harufu inaruka. Chumvi usiguse mpaka uonje, kome anakuja na maji yake ya bahari.

Wengine nao wanatutisha kwamba bila mvinyo mweupe hapo hakuna kome. Wafaransa na Wabelgiji wanatia mvinyo kwa sababu ndio uliojaa kwao. Wathai wanatumia mchaichai na mrihani, na hakuna anayewacheka. Mchaichai si ndio huo umeota nyuma ya nyumba yako unaufyeka?

Najua mashabiki mtakuja na "wivu tu huo". Haya, niiteni mwivu. Lakini kuna dada wa Tabata ameitazama ile klipu, kadunduliza hela, anataka kuwafurahisha watoto Jumapili. Watoto wakianza kutapika saa 8 usiku, nani atalipia bajaji ya kwenda hospitali? Staa atakuwa yupo kwenye posti nyingine.

Dada, ifute ile klipu. Au irudie, uanze kwa kugonga gamba moja moja mbele ya kamera, hata kwa hizo kucha zako.