MAONI: Usiondoke kwenye grupu la kodi kwa sababu ya vichekesho

Ukijiunga na grupu lolote la watumiaji wa Python, liwe la Nairobi, Mombasa, Kisumu au Eldoret, kitu cha kwanza utakachokutana nacho si somo. Ni kicheko. Mtu ametuma skrinshoti ya kosa lenye mistari arobaini, mwingine amemjibu kwa stika ya mzee analia, wa tatu anauliza nani anauza chaja ya laptopu. Katikati ya hayo yote, ukipitisha kidole haraka hutaliona, kuna tangazo la kazi ambalo siku ya mwisho ya kutuma maombi ni kesho.

Wengi wenu huondoka siku ya tatu. Mnasema ni makelele tu. Ulikuja kusoma, si kucheka na watu wanaoonekana hawana shughuli. Nakuelewa, bando si bure. Lakini bana, unakimbia mahali ulipopaswa kukaa.

Lugha yenyewe ilizaliwa na utani. Guido van Rossum, aliyeitoa Python kwa mara ya kwanza mwaka 1991, hakuiita jina la chatu. Alilichukua kutoka Monty Python's Flying Circus, kipindi cha vichekesho cha BBC. Nyoka wa kwenye nembo alikuja baadaye. Na waliomfuata hawakuacha mchezo huo. Kuna amri ya kuiomba Python ikuruhusu kutumia mabano ya mawimbi kama ya Java katika matoleo yajayo. Iandike uone, itakujibu kwa ufupi kwamba hilo sahau. Kuna nyingine, import antigravity, ambayo kazi yake yote ni kukufungulia katuni mtandaoni. Watu wazima, wenye mishahara, walikaa wakaandika hayo na yakapitishwa.

Sisi nasi tuna yetu. Walimu wa Kiswahili wanataka tuseme msimbo, na wana haki yao, lakini kwenye grupu tunasema kodi. Sasa hebu fikiria kijana wa Roysambu anayempigia rafiki yake kwenye matatu: "Kodi imenisumbua usiku kucha, nimeshindwa kabisa." Abiria wote wanamwonea huruma, wanadhani anafukuzwa nyumba. Na mara nyingi hawajakosea sana. Au neno nafasi. Python hupanga kazi yake kwa nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mstari. Ukikosea nafasi, programu inakataa kutembea. Mwanagrupu akilalamika kwamba amekosa nafasi, lazima aulizwe: ya kwenye mstari, au ya kazi?

Hapo unacheka, na bila kujua umeshika kanuni ambayo wengine huirudia wiki nzima kwenye daftari.

Mzaha ninaoupenda zaidi ni wa namba za simu. Namba zetu za simu huanza na sifuri. Mgeni anaihifadhi kama tarakimu, na sifuri inapotea. Katika Python 2 ilikuwa mbaya zaidi: ukiandika 0722 kama namba, mashine ilidhani unahesabu kwa msingi wa nane na kukupa 466. Mteja wako amegeuka kuwa 466! Python 3 ilikataa upuuzi huo, inakuonyesha kosa papo hapo. Halafu unakuja mjadala wa 07, 2547 na +2547, kisha zikatolewa namba za 01 na fomu kibao zikaanza kuwakataa wateja halali kwa sababu kuna aliyeandika kwamba simu ya Kenya ni lazima ianze na 07. Kitabu kilichoandikwa California hakina habari hii. Grupu linayo, tena imekuja kama kichekesho, ndiyo maana huisahau.

Saa nazo. Seva nyingi hutumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Mteja wako ni mama wa Gikomba anayetaka mzigo ufike saa mbili. Saa mbili ya nani? Yeye anamaanisha asubuhi watoto wakiwa wameshaenda shule. Programu yako inaelewa 2:00, na mwendeshaji boda anabisha mlango saa nane za usiku. Ama yule mwalimu wa kampusi kwenye utani wetu, anayefundisha kwamba salio la akaunti haliwezi kushuka chini ya sifuri, na sauti kutoka kiti cha nyuma inamjibu: "Mwalimu, Fuliza hujawahi kuitumia?" Ni kicheko, ndiyo. Pia ni onyo kwamba kanuni uliyoikariri haijawahi kuishi mtaani kwako.

Haya, tuje kwa habari, kwa sababu ndizo zinazofichwa na kicheko. Machi 2024, PyPI, ghala ambalo sote huchota vifurushi vya Python, ilisimamisha kwa muda usajili wa watumiaji wapya kwa sababu wahalifu walikuwa wakipakia vifurushi vya wizi kwa wingi. Mbinu yao ni rahisi: wanakipa kifurushi jina linalofanana na la kile maarufu, herufi moja tu ikiwa tofauti. Unaandika kwa haraka, unasakinisha, nywila zako zimeondoka. Aliye kwenye grupu anaonywa mapema. Asiye humo huenda akajua siku akaunti yake inapoingiliwa. Vivyo hivyo Python 2, iliyoacha kuhudumiwa Januari 1, 2020, na bado kuna watu wanasomea noti zake walizoachiwa na wakubwa zao wa chuo.

Mwishoni mwa Mei 2025, msanidi programu mmoja alikamatwa Nairobi kwa kutengeneza ukurasa uliowasaidia wananchi kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Alishtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, na mwezi uliofuata mahakama ikayatupa mashtaka. Kwa anayeandika kodi, hiyo si habari ya siasa pekee. Ni swali la kazi yako: fomu inayotuma barua pepe, kitu ambacho mwanafunzi hujifunza mapema kabisa, inaweza kukulaza seli? Swali kama hilo ungependa kulijadili na nani, peke yako chumbani?

Kuna habari tamu pia. DjangoCon Africa ya 2023 ilifanyika Zanzibar, ya 2025 Arusha. Arusha, jamani. Unapanda basi Nairobi, unavuka Namanga, umefika. Mikutano kama hii huwa na misaada ya nauli na malazi kwa wasiojiweza, lakini tangazo lake haliji kukugongea mlango. Linapita kwenye grupu mara moja, kati ya stika mbili.

Utaniambia siku hizi unauliza akili unde, haikucheki wala haikuchoki. Sawa, itumie, hakuna anayekuzuia. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, maswali mapya kwenye Stack Overflow yamepungua vibaya, kwa hiyo hauko peke yako. Lakini mashine hiyo haitakuambia kwamba mteja fulani wa mjini ana tabia ya kupokea kazi na kuzima simu. Haitakutolea laptopu ya kuazima yako ikifa usiku wa kuamkia mahojiano. Na siku ambayo kila mmoja atakuwa anauliza chumbani kwake kimyakimya, hakutakuwa na wa kumjua mwingine, na kazi nyingi hapa kwetu hupatikana kwa mtu kusema, "Huyo msee namjua, anaweza."

Sasa niwageukie nyinyi wakongwe wa grupu, maana kuna wanaoondoka na wana haki kabisa ya kuondoka. Mgeni anauliza aanzie wapi, mnamwambia aanzie Google, halafu mnashindana kwa emoji. Msichana anauliza swali la hifadhidata, anajibiwa kuhusu picha yake ya wasifu. Huo msiuite utani. Mwaka 2013, katika mkutano wa PyCon huko Santa Clara, Marekani, wanaume wawili walifanyiana mzaha wa matusi ya kichinichini wakiwa wameketi ukumbini. Mwanamke aliyekuwa mbele yao akachapisha picha yao Twitter. Mwanamume mmoja alifutwa kazi. Yule mwanamke alishambuliwa mtandaoni kwa vitisho, kisha naye akafutwa. Watu wawili bila ajira, kwa mzaha wa dakika moja ambao hata haukuchekesha.

Tofauti si ngumu kuiona. Mzaha wa 466 unamcheka mtu aliyeandika 0722, ndiyo, lakini kila mmoja wetu amewahi kuwa mtu huyo au atakuwa, na mwisho wake anaondoka akijua dawa. Mzaha wa picha ya wasifu hauachi chochote. Unamtoa mtu mlangoni, na kesho yake tangazo la nauli ya Arusha linapita akiwa hayupo. Admini, kazi yako si kuongeza watu hadi grupu lijae. Ni kufuta ujumbe kama huo saa hiyohiyo, hata kama aliyeutuma ndiye mjuzi kuliko wote. Ukimwogopa kwa sababu anajua Django, basi sema wazi kwamba grupu ni lake.

Na wewe uliyetoka siku ya tatu, kiungo cha kurudi bado unacho kwenye simu. Nyamazisha milio, fungua mara moja kwa siku, jioni. Anza kwa kutafuta neno "nafasi" kwenye ujumbe wa zamani. Utapata makosa ya mistari, utapata kazi, na mara nyingine utalazimika kusoma mara mbili kujua ni ipi.